Amelazwa Sewahaji

Mtu wa Dar es Salaam aulizwapo mgonjwa wake yuko wapi, ghalibu hajibu kwa kutaja namba ya chumba wala jina la tabibu, bali hutaja jengo: amelazwa Mwaisela, amelazwa Kibasila, amelazwa Sewahaji. Majina hayo yamezoeleka ndimini hata yamekuwa kama majina ya mitaa, na wengi wayatajao jioni, vikapu vya chakula vikiwa mikononi, hawana habari kwamba hilo la mwisho lilikuwa jina la mtu mmoja, mfanyabiashara wa Bagamoyo, ambaye pasipo mali yake na ihsani yake watu wa kawaida wa mji huu wangalikaa miaka mingi zaidi bila ya hospitali ya kulazwa. Sura hii nimeitenga kwa ajili ya hospitali hiyo, ambayo leo twaiita Muhimbili. Na naanza na jina la Sewahaji kwa sababu naamini kwamba habari ya hospitali hii, tangu chimbuko lake hata hivi sasa, ni habari ya mlango wake: nani huruhusiwa kuupita, na kwa sharti gani.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika jamaa ya Makhoja wa Kiismailia, watu wa asili ya Kutch katika Bara Hindi, ambao wazee wao walivuka bahari kwa pepo za kaskazi wakaja kutafuta riziki Unguja na Mrima. Akakulia katika biashara ya babaye, akaja kuwa tajiri wa Bagamoyo katika zama ambazo mji huo ulikuwa kinywa cha njia kuu iendayo Tabora na Ujiji. Kwa njia hiyo pembe za ndovu ziliteremka pwani, na nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba na baruti zikapanda bara. Na kwa kuwa mbung'o hakumwacha punda wala ng'ombe aishi katika mapori yale, vyote hivyo vilipita juu ya mabega ya binadamu. Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kuitengeneza misafara hiyo. Alikusanya wapagazi, akapatana ujira, akafunga mizigo, akakopesha bidhaa. Na msafiri wa Kizungu aliyeshuka jahazini akitaka kwenda bara, ghalibu hakuweza kufika mbali kama hakupita kwanza katika duka lake au la tajiri mwingine wa namna yake.

Mali yake, basi, ilitokana na mabega hayo, na si haki kuisifu sadaka ya mtu tukaificha asili yake. Walakini ni haki pia kusema kwamba aliyeishi Bagamoyo katika miaka ile, akasimama kila siku uani mwake kuhesabu mizigo, hakuweza kukosa kuwaona wabebaji: vijana waliotoka Unyamwezi wakiwa wima wakafika pwani wakichechemea, wenye vidonda vya miguu visivyopona, wenye kuhara damu, wenye homa, na katika miaka ya balaa wenye ndui, ambao msafara mzima uliwaogopa. Mpagazi mwenye jamaa mjini aliuguzwa nyumbani. Asiye na jamaa alikuwa mgeni wa baraza za watu, na mara nyingi mauti yalimkuta huko huko barazani. Hakukuwa na nyumba iliyojengwa ili mtu asiye na mtu apate kulala, akaoshwa kidonda, akanyweshwa dawa na mkono usioudai udugu naye.

Wajerumani walipoishika pwani, kwanza wakaifanya Bagamoyo makao yao, kisha mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam, Sewa Haji alikuwa amekwisha fikia upeo wa utajiri wake. Ndipo alipoanza kutoa. Huko Bagamoyo aliikabidhi serikali jengo la ghorofa liwe shule, akaweka sharti kwamba shule ile isimkatae mtoto kwa sababu ya rangi yake wala taifa lake. Na sharti hilo, katika mwaka 1892, mbele ya dola iliyoweka kila rangi na daraja yake, lilikuwa neno zito kuliko tuwezavyo kulipima sisi tuliozaliwa baadaye. Aliwakumbuka wakoma. Na kwa mji mpya wa Dar es Salaam alitoa fedha ijengwe hospitali kwa ajili ya wenyeji wa nchi na kwa ajili ya Wahindi, yaani kwa ajili ya wale ambao serikali ile, kama ingaliachiwa yenyewe peke yake, isingaliona haraka ya kuwajengea. Alifariki mwaka 1897, umri wake haujatimia miaka hamsini, na hospitali ikaitwa kwa jina lake.

Mwaka huo huo wa 1897, upande wa mji unaopokea upepo wa bahari, Wajerumani walikamilisha hospitali yao wenyewe, ile iliyokuja kuitwa Ocean Road, yenye kuta nyeupe, kumbi pana na bustani iliyoteremka hata ufukweni. Robert Koch, tabibu mashuhuri aliyekigundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam katika miaka hiyo hiyo akiichunguza malaria. Elimu yenye adhama kubwa ilikuwa imeshuka katika mji huu, na nataka msomaji atulie hapa kidogo aitazame ramani: elimu ilishuka katika mji mmoja, lakini hospitali zilikuwa mbili, na aliyeamua mgonjwa aende ipi hakuutazama ugonjwa wake, aliitazama ngozi yake. Homa ile ile, kutoka kwa mbu wale wale waliozaliwa katika madimbwi yale yale, ilimpeleka mmoja ufukweni penye upepo, na mwingine ikampeleka kwa Sewa Haji.

Waingereza waliuteka mji mwezi Septemba 1916, wakabadilisha bendera, wakaubakiza mpango. Ocean Road iliendelea kuwa ya Wazungu. Hospitali ya Sewa Haji iliendelea kuwapokea wengine wote, na kadiri mji ulivyopanuka, ndivyo wengine hao walivyozidi kuwa wengi. Walikuja makuli wa bandarini, watu wa reli, wapishi na madobi wa majumba ya Oysterbay, wanawake wa Kariakoo na Ilala waliokuwa wameanza, kidogo kidogo na kwa khofu nyingi, kukubali kwamba mtoto aweza kuzaliwa mbali na chumba cha bibi yake. Khofu hiyo isidharauliwe. Hospitali, kwa mtu wa zama zile, ilikuwa mahali pa kutenganishwa na jamaa, pa kulala juu ya kitanda kirefu katikati ya wageni, pa kukatwa. Na aliyeingia huko akafa, watu walihesabu kwamba ameuawa na hospitali, wala hawakumhesabu aliyeingia akatoka. Imani ya watu ilipatikana kwa kazi ya wauguzi na wasaidizi wa Kiafrika, ambao majina yao hayamo katika jiwe lolote, waliosimama baina ya tabibu asiyejua lugha na mgonjwa asiyejua dawa, wakafasiri si maneno peke yake, bali maumivu.

Ilipofika sensa ya mwaka 1957 mji ulikuwa na watu wapatao 128,000, na hospitali ya zamani ilikwisha elemewa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1956, hospitali mpya ilikuwa imeanza maisha yake huko Upanga, juu ya bonde la Msimbazi, na kwa kuwa dada wa malkia wa Uingereza aliizuru Tanganyika mwaka huo, ikapewa jina la Princess Margaret. Baada ya uhuru jina hilo likaondoka, likaja Muhimbili. Jina la tajiri wa Bagamoyo, hata hivyo, halikupotea: lilihamia katika moja ya majengo ya wodi, likakaa jirani na la Kibasila, ambalo watu wa Uzaramo hulikumbuka kwa jumbe wao wa zama za Majimaji. Napendezwa sana na ujirani huo. Mhindi aliyewatengenezea Wajerumani misafara, na Mzaramo wa vita vilivyopiganwa dhidi ya Wajerumani hao hao, leo kila mmoja anahifadhi wagonjwa chini ya dari yake, na daktari mmoja huwazungukia wote wawili asubuhi moja.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo hawakuzidi 12. Idadi hiyo imesemwa mara nyingi hata imechakaa masikioni, lakini tuiweke mbele ya hospitali tunayoizungumza, tuone maana yake: kwamba nyumba kubwa ya wagonjwa imepatikana, na wa kuitumikia hawapo. Kwa hiyo mwaka 1963 kilifunguliwa chuo cha utabibu hapo hapo, na mwaka 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Mabadiliko ya majina yaliyofuata, ya 1976, ya 1991, na ya 2007 yaliyokifanya chuo kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, nayaachia waandishi wa historia ya serikali. Kwangu lenye uzito ni kwamba tangu siku hizo mgonjwa wa Muhimbili amekuwa pia mwalimu. Mzee aliyekuja kwa kukohoa huzungukwa na vijana saba waliovaa makoti meupe, mmoja baada ya mwingine huomba ruhusa, "Shikamoo baba, naomba nikusikilize kifua," na mzee, ambaye pengine hakupata kukaa darasani hata siku moja, hukivua kifua chake kikawa kitabu cha watoto wa watu. Madaktari walio Mtwara, Kigoma na Musoma leo, wengi wao walijifunza mlio wa pafu lenye maji katika vifua kama hivyo, na deni hilo halina risiti.

Mlango wa rangi ulifungwa na uhuru, na kwa muda wa miaka thelathini hivi dola ilijitahidi kushika ahadi kwamba matibabu ni bure kwa kila mtu. Ilikuwa ahadi ya heshima, ikashikiliwa kwa taabu. Katika miaka ya 1980 dawa ziliadimika, shuka zikachakaa, na mgonjwa akawa aandikiwa cheti cha kwenda kununua nje kile ambacho ndani hakipo. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji, na ukaanzia katika hospitali kubwa za rufaa, Muhimbili ikiwamo. Sitaki kuandika kana kwamba waliouleta walikuwa maadui wa maskini, kwa maana hospitali isiyo na sindano haimfai maskini wala tajiri. Lakini tangu siku ile dirisha la malipo limekuwa ndilo mlango mpya, na swali la kale, nani apite, likarudi katika vazi jingine.

Jibu lililowekwa kwa maskini linaitwa msamaha, na neno hilo limenitaabisha siku nyingi. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasiojiweza na wenye baadhi ya maradhi sugu wana haki ya kutolipa. Na asiye katika mafungu hayo, ikiwa hana kitu, hupelekwa kwa afisa wa ustawi wa jamii, akaulizwa anaishi wapi, anafanya kazi gani, nani humsaidia, na mwisho wake akaandikiwa msamaha. Maafisa hao hufanya kazi nzito, na wako watu wengi wanaotembea leo kwa sababu mmoja wao aliamua kuamini. Hata hivyo, kusamehewa ni jambo la aliyekosa. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akavunjika paja amekosa nini hata asamehewe? Sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa mwaka 2023, kama itatimizwa kwa namna ilivyokusudiwa, itamwezesha mtu huyo kupita dirishani akiwa na kadi yake kama mwenzake mwenye mshahara, wala pasiwe na haja ya kumsimulia mgeni unyonge wake. Nina hamu kubwa ya kuiona siku hiyo.

Ziko saa, walakini, ambazo mlango hauna swali. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani, watu 11 wakafa katika mji huu na makumi wakajeruhiwa, majeruhi waliletwa Muhimbili kwa kila chombo kilichokuwa na magurudumu, na hakuna aliyeulizwa chochote. Tangu mwaka 2010 saa kama hiyo imepata nyumba yake: Idara ya Magonjwa ya Dharura, ya kwanza ya namna yake katika hospitali za umma nchini. Kanuni yake ni rahisi kuitamka na ngumu kuizoea katika nchi yenye kuheshimu foleni na umri. Anayetangulia kuhudumiwa si aliyetangulia kufika, wala si mkubwa kwa miaka au cheo, bali ni yule ambaye mauti yako karibu naye zaidi. Muuguzi wa mlangoni huhesabu pumzi, hushika mshipa, hupima shinikizo la damu na kutazama kama macho yanamjibu, na kwa dakika chache huwapanga watu kwa uzito wa hali zao. Mzee mwenye mguu uliotenguka huona kijana asiyemjua akipitishwa mbele yake, naye hukasirika, mpaka aonapo damu.

Upande wa watoto ndiko ninakokwenda kwa moyo mzito na kurudi na matumaini. Nchini Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wakadiriwao 11,000 wenye selimundu, maradhi ya damu ambayo chembe nyekundu, badala ya kuwa duara laini lipitalo kila mshipa, hujikunja kama mundu, zikakwama, zikaziba, na pale zilipoziba mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa ambayo mama hawezi kuyaona wala kuyashika. Kwa muda mrefu watoto hao walikufa wakiitwa majina mengine. Walisemwa wamerogwa, au wana baridi ya mifupa, au ukoo wao una laana. Kliniki na utafiti ulioanza Muhimbili mwaka 2004, ukiongozwa na Profesa Julie Makani, uliwafuata maelfu ya wagonjwa hao mwaka hadi mwaka, na ukasaidia kuuthibitishia ulimwengu kwamba mtoto huyo akijulikana mapema, akakingwa na malaria na maambukizi, akapewa dawa na damu kwa wakati wake, huishi, husoma, huoa. Karibu na hapo wako watoto wenye saratani, waliohamishwa kutoka Ocean Road mwaka 2011 na kutibiwa bure; na wako njiti, wadogo kama kiganja, wasiofungwa katika mashine yoyote, bali wamefungwa kwa khanga kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakipashwa joto kwa mwili uliowazaa. Katika yote ambayo elimu ya utabibu imeyavumbua, hili ndilo ambalo bibi zetu wasingalistaajabu nalo.

Nimesema habari hii ni ya mlango, na kwa hiyo yanipasa kuwataja wale ambao kila mlango wa mji huu umefungwa mbele yao. Watu wa unga, ambao mitaani huitwa mateja, waliingia katika miji ya pwani pamoja na heroini yenyewe, iliyokuja kwa njia ile ile ya bahari ambayo zamani ilileta tende na mazulia. Mtu wa unga huiba vyombo vya mama yake, hufukuzwa nyumbani, hupigwa sokoni. Na kwa sababu ya sindano wanazopeana, Ukimwi na homa ya ini vimewafyeka kuliko watu wengine. Mwezi Februari 2011 Muhimbili ilianzisha kliniki ya methadoni, ya kwanza katika Afrika bara kusini ya Sahara. Dawa hiyo hunywewa, haidungwi. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Hukaa mwilini mchana kutwa na usiku kucha, ikatuliza ile arosto inayoukunja mwili wa mraibu kama nguo inayokamuliwa, bila ya kumpeleka katika ulevi wa unga. Haimponyi kwa mara moja. Humpa asubuhi isiyo na wizi, na mtu aliyepata asubuhi mia moja kama hizo huanza kukumbuka jina la mwanawe.

Wapo waliouliza, na wangali wakiuliza, kwa nini fedha za umma zitumike kwa watu waliojiharibu wenyewe. Swali hilo ni la wenye afya. Nimewaona waraibu hao alfajiri, wamefika kwa miguu kutoka Magomeni na Manzese, wakingoja kikombe chao kwa utulivu, na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akimsindikiza kijana wake kila siku, kana kwamba anampeleka darasa la kwanza. Kijana alipomaliza kunywa, mhudumu alimwambia, "Haya, kesho tena, mwanangu," na kijana akaitika, "Inshallah, mama." Katika mji mzima huenda hakuna mtu mwingine, kando ya mzazi wake, aliyemwita mwana kwa siku nyingi.

Mengine yanayotendeka katika viwanja hivyo magazeti huyatangaza vizuri kuliko mimi. Taasisi ya mifupa ipo tangu mwaka 1996. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015, ambako mishipa ya moyo huzibuliwa bila ya kifua kupasuliwa. Na mwaka 2017 ndio uliokuwa mwaka wa ajabu, kwa kuwa ndani yake figo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza nchini, mwezi Novemba, na watoto waliozaliwa viziwi wakapandikizwa vifaa vya kusikia, na hospitali ya Mloganzila ikafunguliwa. Zamani mgonjwa wa figo alisubiri ndege ya India, naye asiye na nauli alisubiri jambo jingine. Sasa hutolewa figo kwa ndugu mmoja ikatiwa kwa ndugu wa pili, vyumba viwili vya upasuaji vikiwa jirani, na jamaa wote wakiwa nje wameketi juu ya mkeka mmoja. Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala huchukua sehemu kubwa ya wagonjwa wa mji ambao katika sensa ya 2022 ulizidi watu 5,300,000, zikaiachia Muhimbili wenye barua za rufaa, nao hutoka kila mkoa, na mara nyingi hufika hapo baada ya kuuza kiwanja.

Saa za kuona wagonjwa zinapofika, lango la Upanga hujaa khalaiki. Wanashuka katika daladala na bajaji wakiwa na chupa za uji, bakuli za mchuzi zilizofungwa kwa vitambaa, maji, madafu, kanzu safi ya kumbadilisha mgonjwa. Wako waliovaa baibui na waliovaa misalaba, Wahindi wa Upanga na Wasukuma waliofika jana kwa basi, wazee wanaoongozwa mkono na watoto wanaoambiwa wasikimbie. Karibu nami, jioni moja, alisimama mwanamke wa makamo, mzigo kichwani, simu sikioni, akimwelekeza kaka yake ambaye dhahiri hakupata kufika mjini kabla ya siku ile. "Ukiingia getini, kaka, usimwulize mtu jina la mgonjwa, hawatamjua," alisema. "Waulize tu Sewahaji ni wapi. Kila mtu atakuonyesha."